Mzee Akivunjika Nyonga: Upasuaji Upi Unamfaa, na Kwa Nini Asicheleweshwe

Mzee akiteleza chooni usiku na kushindwa kuinuka, uamuzi unaofanywa na familia katika saa chache zinazofuata unaweza kuamua kama atatembea tena au atabaki kitandani. Mara nyingi mfupa uliovunjika huwa ni wa nyonga, na kwa wagonjwa walio wengi tiba yake ni upasuaji.

Hata hivyo, wapo wazee wanaofikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa. Baadhi hukandwa kwanza nyumbani kwa siku kadhaa. Wengine husubiri mchango wa ukoo. Wengine huachwa kitandani kwa sababu watoto wanaona mama amezeeka mno kupasuliwa, na kwamba kisu kitamuua. Ukweli wa kitabibu ni kwamba mara nyingi kitanda ndicho cha kuogopwa zaidi kuliko kisu.

Makala haya yanaeleza kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi mahali nyonga inapovunjika, aina za upasuaji zilizopo, mgonjwa anayefaa kila aina, na mambo ambayo familia inapaswa kuuliza kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini.

NYONGA HUVUNJIKA WAPI?

Nyonga ni kiungo kinachounganisha paja na fupanyonga. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya shimo, mfano wa chungwa dogo ndani ya kifuu cha nazi. Kichwa hicho kimeshikana na mfupa wa paja kupitia sehemu nyembamba iitwayo shingo. Chini ya shingo kuna matuta mawili ya mfupa ambayo misuli mikubwa ya paja na makalio hushikilia.

Kuvunjika kwa nyonga hugawanywa katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni kuvunjika shingoni, ndani ya kifuko kinachozunguka kiungo. La pili ni kuvunjika chini ya shingo, kwenye matuta au chini yake kidogo, nje ya kifuko hicho.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu ya damu. Kichwa cha mfupa hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia mishipa midogo inayopanda kandokando ya shingo. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa hiyo hukatika. Kichwa kikikosa damu, mfupa wake unaweza kufa polepole na kuporomoka miezi kadhaa baadaye, hata kama ulikuwa umeungwa vizuri kwa chuma. Chini ya shingo, kinyume chake, damu ni nyingi, na mfupa huunga mradi umeshikiliwa imara.

Kwa hivyo daktari wa mifupa anapotazama picha ya eksirei, swali lake la kwanza ni kama mfupa umevunjika shingoni au chini yake. La pili ni kama vipande vimeachana. Majibu ya maswali hayo mawili, pamoja na hali ya mgonjwa mwenyewe, ndiyo yanayoongoza uchaguzi wa upasuaji.

KWA NINI WAZEE?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kadiri umri unavyosonga, mifupa hupungua uzito na kuwa na vitundu vingi ndani, hali ambayo madaktari huiita osteoporosisi. Kwa wanawake upungufu huo huongezeka kasi hedhi inapokoma, na ndiyo sababu nyonga huvunjika zaidi kwa akina nyanya kuliko akina babu.

Kijana huvunjika nyonga kwa kugongwa na gari au kuanguka kutoka juu ya mnazi. Mzee huvunjika kwa kujikwaa kwenye kizingiti. Kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe kunatosha. Hakuna haja ya kutafuta mtu aliyemtupia jambo wala kumlaumu aliyekuwa naye nyumbani.

DALILI NA HATUA ZA MWANZO

Dalili za kawaida ni maumivu makali kwenye kinena au ubavu wa paja, kushindwa kusimama, na mguu kuonekana mfupi kuliko mwenzake huku wayo ukigeukia nje. Lakini si kila mgonjwa huonyesha dalili zote. Shingo ikivunjika na vipande vikabaki vimebanana, mzee anaweza hata kutembea kwa kuchechemea na kulalamikia goti. Mzee yeyote aliyeanguka na ambaye bado ana maumivu ya kinena, paja au goti anahitaji eksirei. Picha hiyo isipoonyesha kitu na maumivu yakaendelea, daktari anaweza kuagiza kipimo cha CT au MRI.

Mambo ya kufanya kabla ya kumfikisha hospitalini ni haya:

• Mwacheni alale chali. Msimlazimishe kusimama "kujaribu mguu."

• Msiuvute, msiukande wala msiukunje mguu. Kukanda hakurudishi mfupa mahali pake. Huongeza maumivu na kuvuja damu ndani, na kunaweza kuachanisha vipande ambavyo vilikuwa vimebanana.

• Wekeni mto kati ya miguu, kisha fungeni mguu ulioumia pamoja na ule mzima kwa leso, bila kukaza sana.

• Mbebeni akiwa amelala, juu ya machela, ubao mpana au godoro gumu. Bodaboda haifai kabisa kwa safari hii.

• Beba dawa zote anazotumia, zikiwemo za presha, sukari, za kuzuia damu kuganda, na mitishamba.

• Ulizeni wahudumu kama anaruhusiwa kula au kunywa kabla ya kumpa chochote kizito.

Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kusaidia kuwasiliana na kituo cha afya na kutafuta ambulensi. Laini ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199.

HATARI YA KULALA KITANDANI

Kabla ya upasuaji wa nyonga kuenea, mgonjwa alilazwa na mguu kufungwa kamba yenye uzito kwenye ncha ya kitanda, ukivutwa kwa wiki nyingi hadi mfupa uunge. Njia hiyo bado hutumika kwa muda mfupi mgonjwa akisubiri upasuaji, au pale upasuaji unaposhindikana.

Tatizo lake kwa mzee si mfupa pekee. Mapafu ya mtu aliyelala chali kwa wiki kadhaa hujaa makohozi, na nimonia huingia. Ngozi ya makalio na visigino hukatika na kuwa vidonda vya kulalia. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, kisha bonge likasafiri hadi mapafuni na kuua ghafla. Mkojo hupata maambukizi. Misuli hunywea kiasi kwamba hata mfupa ukiunga, mzee hana tena nguvu za kusimama. Vipande vya shingo vilivyoachana mara nyingi haviungi kabisa bila upasuaji.

Kuvunjika nyonga ni ugonjwa mzito hata katika nchi zenye hospitali zilizojaa vifaa. Huko, kati ya asilimia 20 na 30 ya wagonjwa wazee hufariki ndani ya mwaka mmoja, wengi wao kwa sababu walikuwa na maradhi mengine. Lengo la upasuaji ni kuondoa maumivu na kumwinua mzee kitandani mapema, ili nimonia, vidonda na damu iliyoganda visimkute amelala.

AINA ZA UPASUAJI

1. Skrubu

Shingo ikiwa imevunjika lakini vipande havijaachana, daktari anaweza kuviacha kichwa na shingo ya mgonjwa mwenyewe na kuvishikilia kwa skrubu, kwa kawaida tatu, zinazopitishwa kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa paja. Upasuaji huu ni mfupi, jeraha ni dogo na damu inayopotea ni kidogo, hivyo unavumilika hata na mtu dhaifu.

Hasara yake ni kwamba baadhi ya mifupa hukataa kuunga, au kichwa hufa kwa kukosa damu, na mgonjwa hulazimika kurudi kupasuliwa tena kuwekewa kiungo bandia. Maumivu ya kinena yakirudi miezi kadhaa baadaye, asikae nayo nyumbani. Anapaswa kurudi kliniki na kupigwa picha.

2. Bamba na skrubu inayoteleza

Huu hutumika sana kwa waliovunjika kwenye matuta, chini ya shingo. Skrubu moja nene huingizwa hadi ndani ya kichwa cha mfupa, na sehemu yake ya nyuma hukaa ndani ya bomba fupi lililounganishwa na bamba la chuma. Bamba hilo hufungwa ubavuni mwa mfupa wa paja kwa skrubu ndogo.

Siri yake imo katika kuteleza. Mgonjwa anapokanyaga, uzito wa mwili husukuma skrubu ndani ya bomba, na vipande vya mfupa hubanwa pamoja badala ya kuachana. Kukanyaga kwenyewe kunasaidia mfupa kuunga. Chuma hiki kimetumika kwa miongo mingi, kinajulikana vyema na madaktari, na kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko ya chuma cha ndani ya mfupa.

3. Chuma cha ndani ya mfupa

Pale mfupa ulipopasuka vipande vingi, ukuta wake wa nje ukavunjika, au mpasuko ukashuka chini ya matuta, bamba la ubavuni linaweza kuelemewa. Hapo daktari huchagua fimbo ya chuma inayopitishwa katikati ya mfupa wa paja, mahali penye uboho, na skrubu nene inayopita ndani yake kwenda hadi kichwani. Kwa kuwa fimbo iko katikati ya mfupa, hubeba uzito vizuri zaidi kuliko bamba lililo kando.

Upasuaji huu, kama ule wa skrubu na wa bamba, kwa kawaida huhitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo ndani ya chumba cha upasuaji. Hiyo ni mojawapo ya sababu ambazo hospitali inaweza kumpa mgonjwa rufaa kwenda kwingine hata kama ina daktari wa mifupa.

4. Nusu ya nyonga bandia

Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, kwa mzee si busara kusubiri kuona kama kichwa kilichokatiwa damu kitapona. Daktari hukiondoa na kuweka kichwa cha chuma chenye shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Shimo la fupanyonga, ambalo halijaumia, huachwa kama lilivyo. Ndiyo maana huitwa nusu.

Faida yake kubwa ni kwamba hakuna mfupa wa kusubiri uunge. Mgonjwa anaweza kukanyaga mguu siku inayofuata.

Kuna aina kadhaa. Ile ya zamani iliyobuniwa na Austin Moore, daktari wa Marekani, huingizwa bila saruji na imetumika duniani kote kwa miaka mingi. Nyingine hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 1,225 na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa waliowekewa shina kwa saruji walikuwa na hali bora ya maisha miezi minne baadaye, na ni wachache zaidi waliovunjika mfupa kandokando ya chuma, wakilinganishwa na waliowekewa aina ya kisasa isiyo na saruji. Saruji nayo ina hatari yake: mara chache huweza kushusha presha ghafla wakati inapowekwa, na ndiyo maana daktari wa usingizi humchunguza kwanza mgonjwa mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu.

5. Nyonga kamili ya bandia

Hapa vyote viwili hubadilishwa: kichwa cha mfupa wa paja na shimo lake. Upasuaji huu katika sura yake ya kisasa ulianzishwa na John Charnley katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962. Humfaa mzee ambaye kabla ya kuanguka alikuwa akitembea mwenyewe nje ya nyumba, ana akili timamu, hana maradhi mazito, au ambaye nyonga yake ilikuwa tayari imelika kwa baridi yabisi.

Je, nyonga kamili ni bora kuliko nusu? Wengi hudhani hivyo kwa kuwa ni ghali zaidi. Utafiti wa kimataifa uliohusisha wagonjwa 1,495 na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa ndani ya miaka miwili, idadi ya waliohitaji kupasuliwa tena haikutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Waliopata nyonga kamili walikuwa na nafuu kidogo katika matumizi ya mguu, lakini tofauti ilikuwa ndogo. Nyonga kamili pia ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuchomoka. Kwa hivyo familia isihisi imemnyima mzazi wao haki yake akipendekezewa nusu. Kwa bibi wa miaka 85 anayetembea kutoka chumbani hadi barazani, nusu ya nyonga inaweza kuwa ndiyo chaguo bora.

PALE UPASUAJI USIPOFAA

Wapo wagonjwa wachache ambao upasuaji hautawasaidia: aliye katika siku zake za mwisho kwa ugonjwa mwingine, au ambaye hakuwa akitembea kabisa na mwili hauwezi kustahimili. Hata hapo, kutopasua si kumtelekeza. Anapaswa kupewa dawa za kutosha za maumivu, kugeuzwa mara kwa mara na kutunzwa ngozi. Uamuzi huo ufanywe na madaktari, mgonjwa na familia wakiwa pamoja.

Umri peke yake si sababu ya kukataa upasuaji. Watu wa miaka 90 hupasuliwa na kurudi nyumbani.

MUDA

Mwongozo wa Uingereza unaelekeza upasuaji ufanyike siku ile mgonjwa anapolazwa au siku inayofuata. Utafiti uliofanyika katika nchi 17 kwa wagonjwa 2,970 na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha waliopasuliwa haraka sana, ndani ya saa chache, na waliosubiri takriban siku moja. Vifo havikutofautiana, lakini waliowahiwa walisimama mapema zaidi na wachache kati yao walichanganyikiwa akili baada ya upasuaji.

Funzo kwa familia ni kwamba hakuna haja ya kukimbizana na dakika, ila kusubiri siku nyingi bila sababu ya kitabibu kuna madhara. Sababu halali za kusubiri ni kama kushusha sukari iliyopanda sana, kutibu nimonia, kuongeza damu au kuacha dawa ya kuzuia damu kuganda iishe mwilini. Mzee aliyekwisha kuchelewa kwa wiki moja au mbili bado apelekwe hospitalini. Upasuaji unaweza kumsaidia, ingawa utakuwa mgumu zaidi.

Kuhusu usingizi, upasuaji unaweza kufanywa kwa ganzi inayochomwa mgongoni, mgonjwa akiwa macho, au kwa nusukaputi. Utafiti wa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,600, uliochapishwa mwaka 2021, haukupata tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili katika kuishi na kutembea siku 60 baadaye. Daktari wa usingizi huchagua kulingana na hali ya mgonjwa.

GHARAMA NA USAJILI WA SHA

Fedha ndizo zinazochelewesha wengi, na wengi hugundua wakiwa wodini kwamba mzee hajasajiliwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Kadi ya zamani ya NHIF haitoshi.

Jambo ambalo familia nyingi hazijalifahamu ni kwamba mchango wa mwanachama hujumuisha mke au mume wake na watoto wanaomtegemea. Mzazi mzee anapaswa kusajiliwa kivyake kwa kitambulisho chake. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au kwa kumwona mhamasishaji wa afya ya jamii. Asiye na ajira rasmi hufanyiwa tathmini ya uwezo wa kaya, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, kinacholipwa kwa mwaka mzima. Mpango huu huwafaa wazee zaidi ukilipwa kabla ya ajali, si baada yake.

Upasuaji unaolipiwa na SHA huhitaji kibali kabla ya kufanyika. Ombi hutumwa na hospitali, lakini familia inaweza kuuliza kila siku limefikia wapi. Ni muhimu pia kuuliza mapema kama chuma au kiungo bandia kimo ndani ya kiwango kinacholipwa na SHA, au familia itatakiwa kukinunua kando. Wasionunua kwa wakati hukaa wodini wakisubiri, na gharama ya kitanda huzidi kupanda. Mwenye shida ya kulipa amwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, asingoje siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Jambo jingine ni damu. Jamaa wenye afya njema wa umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi wanaweza kujitolea.

MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, kwa lugha anayoielewa. Anayezungumza Kigiriama au Kiswahili pekee ana haki ya kutafsiriwa. Kifungu cha 43 cha Katiba nacho kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Ni vyema familia imteue mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari, na aulize haya:

• Mfupa umevunjika shingoni au chini yake? Vipande vimeachana?

• Mnapendekeza upasuaji gani, na kwa nini huo badala ya mwingine?

• Utafanyika lini? Kama si kesho, tunasubiri nini?

• Je, hospitali hii ina kifaa kinachohitajika, au afadhali rufaa itolewe sasa?

• Chuma kinalipiwa na nani?

• Ataruhusiwa kukanyaga mguu lini?

Mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili timamu, ndiye anayetoa idhini. Watoto hawawezi kukataa upasuaji kwa niaba ya mama anayeutaka.

BAADA YA UPASUAJI

Chuma kizuri hakitamsaidia mzee akibaki kitandani. Isipokuwa daktari ameelekeza vinginevyo, mgonjwa huketishwa na kusimamishwa siku inayofuata akisaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwanza kwa fremu ya kutembelea, baadaye kwa mkongojo. Apewe dawa za maumivu kwa wakati, kwa sababu anayeumia hatajaribu kutembea. Anaweza pia kupewa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Siku za mwanzo baadhi ya wazee huchanganyikiwa, wakaita majina ya waliokufa au wakataka kuondoka usiku. Hiyo si kichaa wala si pepo. Hutokana na maumivu, maambukizi, dawa au ugeni wa mahali. Muuguzi aarifiwe, mzee avalishwe miwani yake, apewe maji ya kutosha, na sura anayoijua ikae karibu naye.

Aliyewekewa kiungo bandia anatakiwa kujihadhari kisichomoke, hasa katika wiki za mwanzo. Asichuchumae, asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, na asikae kwenye kiti kifupi au mbuzi ya kukunia nazi. Kwa nyumba yenye choo cha shimo, fundi anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu cha kuwekwa juu yake. Anayesali anaweza kusali akiwa ameketi kwenye kiti cha kawaida.

Chakula chenye protini humsaidia kurudisha misuli: maharagwe, kunde, mayai, maziwa, samaki na dagaa. Arudishwe hospitalini mara moja akipata homa, jeraha likitoa usaha, mguu ukivimba na kuuma, akikosa pumzi ghafla, au mguu ukigeuka na kuwa mfupi.

Aliyevunjika nyonga moja yumo katika hatari ya kuvunjika ya pili. Kabla ya kuruhusiwa, familia iulize kuhusu dawa za kuimarisha mifupa, kalsiamu na vitamini D.

KUZUIA KUANGUKA NYUMBANI

Mengi ya kuzuia hayahitaji fedha nyingi. Mkeka uliojikunja uondolewe njiani. Njia ya kwenda chooni iwe na taa, au mzee awekewe ndoo ya usiku karibu na kitanda. Chuma au mti wa kushikilia ufungwe ukutani chooni na bafuni. Sakafu yenye maji ipanguswe. Ndara zilizolika zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika mguu.

Mzee apimwe macho, kwa kuwa mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji. Anayesikia kizunguzungu akiinuka apelekwe kliniki dawa zake za presha zikaguliwe, wala asiziache mwenyewe. Na atembee. Kutembea kila siku, kulima bustani na kusimama kutoka kitini mara kadhaa bila kushika kitu hujenga misuli inayomlinda asianguke.

Wakazi wa Kilifi wanaweza kuanza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitampa mgonjwa rufaa kwenda hospitali yenye eksirei na daktari wa upasuaji, kama Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kilifi au Hospitali ya Malindi. Anayehitaji huduma zaidi anaweza kutumwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, Mombasa. Kila familia yenye mzee inashauriwa kuthibitisha wiki hii kwamba amesajiliwa SHA na mchango wake umelipwa.